Nta na Marashi

Bonge la nta lilibaki moja tu, na mikono miwili ililishika kwa pamoja. Marikiti saa nne za asubuhi si mahali pa kuoneana haya. Wachukuzi walikuwa wakipiga kelele za kuombea njia, na muuza asali alishageukia wateja wengine. Mwanakuu hakuachia. Alivaa buibui jipya lenye tarizi kwenye mikono, hina imekolea vidoleni, na kiburi chake mtaa mzima wa Kibokoni ulikijua.

"Bibie, mimi ndiye niliyeanza kulishika," alisema mwanamume wa kanzu iliyonyooka kwa pasi. Jina lake lilikuwa Aidarus.

"Wataka nta ya nini?"

"Mimi sonara. Natengenezea kalibu za pete. Nawe je?"

"Napika uso."

Aidarus akacheka. "Uso wapikwa?"

"Wapikwa. Nigawie nusu nikueleze."

Nta ikakatwa kwa kisu cha muuza asali, nao wakatoka pamoja. Mwanakuu akaeleza. Faundesheni za dukani zilikuwa mafuta matupu. Ikifika adhuhuri bibi harusi wa Mombasa ang'aa kama kikaango. Yeye alitaka kitu kigumu kama kipande cha sabuni, ukipitishie kidole, lakini ndani yake mna maji, ili ukijipaka uhisi umetoka kunawa. Aliyeyusha nta na mafuta ya nazi, akatia unga wa zinki, udongo mwekundu na wa manjano, kisha marashi ya waridi, ndiyo maji yenyewe. Kila mara marashi yalijitenga yakaelea juu. Alikuwa amejaribu mara kumi na moja.

"Mimi nikimaliza kazi hunawa mikono kwa maji moto na boraksi, ule unga tunaoyeyushia dhahabu," Aidarus akasema. "Maji yale yakigusa nta, hugeuka meupe, maziwa matupu."

Mwanakuu akasimama katikati ya njia, mkokoteni ukamkosa chupuchupu. "Yakipoa, nta na maji vyaachana?"

"Sijui. Nani hukaa kutazama maji machafu?"

"Mimi," alisema Mwanakuu.

Jioni ile Aidarus alimpelekea boraksi iliyofungwa kwenye gazeti. Mwanakuu alipika wiki tatu. Boraksi ikizidi, mchanganyiko ulichoma ngozi. Ikipungua, maji yalitoka. Akaja kugundua kuwa nta na marashi lazima vilingane kwa moto, la sivyo hufanya chenga. Siku aliyopata, alipiga simu dukani kwa sonara.

"Aidarus, imeshika."

"Imeshika nini, roho yangu?"

"Marashi yamekaa ndani ya nta. Nimekipindua kikopo juu chini, halikutoka tone. Nimejipaka shavuni, pana baridi."

"Basi nije nikuone hilo shavu."

"Usije. Ngoja mji wote ulisifu kwanza."

"Una maringo wewe."

"Nimeyatolea jasho."

Walipendana hivyo, kwa simu na kwa matani, hadi Bi Mejumaa alipokuja kumtaka Mwanakuu ampambe mjukuu wake Zubeida. Siku ya kupamba, wanawake wa mji wangejaa ukumbini kumtazama bibi harusi amekaa kitini. Uso ukishika, Mwanakuu angepata kazi yake maishani. Ukiteleza, angesemwa mpaka uzeeni.

Kwa furaha, Aidarus alimtengenezea kijaluba cha fedha, kifuniko kimetobolewa maua madogo madogo, kazi ya siku tisa. Mwanakuu akakibusu. Siku tatu kabla ya shughuli alihamishia humo faundesheni yake.

Asubuhi ya shughuli alikifungua akapigwa na butwaa. Faundesheni ilikuwa imesinyaa, imeachana na kingo, imepasuka katikati. Hakufikiri mara mbili. Alivaa buibui akaenda moja kwa moja dukani, na duka limejaa watu.

"Umenitilia nini kwenye boraksi? Kumbe we sonara wa kuchanganya."

Watu wakageuka. Kwa sonara, neno hilo, yaani kutia shaba kwenye dhahabu, ni zito kuliko kofi. Mteja mmoja alikuwa amekwisha kuitoa bangili yake, akairudisha mkobani. Aidarus akaweka koleo yake chini polepole.

"Bi Mwanakuu, nenda. Bibi harusi akungoja."

Nyumbani, alitafuta mabaki kwenye kikopo cha zamani cha peremende, ambacho kifuniko chake huhitaji kijiko kukifungua. Ilikuwa faundesheni ileile, boraksi ileile, nayo ilikuwa laini na baridi. Akakiinua kijaluba dirishani. Mwanga ulipenya kwenye yale maua ukamwangukia usoni. Maji yalikuwa yametorokea hapo kwa mvuke. Sonara hutaka kifuniko kipendeze, lakini yeye Mwanakuu, aliyejua tabia ya maji, hakutazama. Alilia kidogo, akajifuta, akachukua kile kikopo cha peremende, kwa sababu kazi ilikuwa ikimngoja.

Alasiri umeme ulikatika, feni zikasimama, na wanawake mia mbili wakaanza kujipepea kwa khanga. Zubeida alikaa kitini na dhahabu shingoni, uso wake mkavu, mbichi, kama ameamka muda ule. Bi Mejumaa akaligusa shavu la mjukuu wake kwa mgongo wa kidole.

"Huyu ametoka kuoga?"

Vigelegele vikapaa. Mama saba walimshika Mwanakuu mkono kumwekea siku za binti zao. Alijivuna, na alistahili. Lakini aliyetamani kumsimulia hakuwa tayari kumsikiliza. Alipiga simu mara mbili akaambiwa Aidarus yuko kazini. Mara ya tatu nduguye akasema, "Asema usimsumbue."

Siku ya nne alikwenda mwenyewe, saa ambayo duka hujaa. Alijipamba, maana hata kuomba radhi hakutaka kuonekane kunyonge.

"Masalkheri, jamaa. Nilisimama hapa nikamwita Aidarus mchanganyaji. Nilimsingizia. Boraksi yake ni safi na dhahabu yake ni safi. Maji yalipotelea kwenye matundu ya kifuniko, na makosa ni yangu."

"Paza sauti, mwanangu, sikukusikia," alisema bibi mmoja kizee aliyeketi nyuma.

Mwanakuu akarudia neno kwa neno, kwa sauti iliyofika barabarani.

Aidarus hakuinua macho. "Matundu niliyatoboa mimi."

"Kweli. Lakini faundesheni ni yangu, na mimi ndiye niliyepaswa kuyaona. Nimekukosea, Aidarus, na nimekukosa pia."

Hapo akamtazama, na uso ukamlainika. "Kesho mama na shangazi watakuja kwenu kuleta posa. Utawarudisha?"

"Siwarudishi. Lakini waambie kabisa, atakayeolewa ni mimi. Kazi yangu haiolewi. Jina juu ya kikopo litabaki Mwanakuu."

"Na langu je, litaandikwa wapi?"

"Kwenye cheti cha ndoa," akasema Mwanakuu, na safari hii hata bibi wa nyuma alisikia.