Ncha ya Kiatu cha Kulia

Mwalimu wa kemia alijikwaa kwenye ngazi za stesheni asubuhi, saa ambayo kila mtu ana haraka zake, na kiatu chake cha kulia kikachomoka hadi mapajani mwa fundi viatu aliyeketi chini ya ngazi.

“Karibu,” fundi alisema, akikigeuzageuza. “Wenzako huwa wanavileta kwa mkono.”

Mwalimu alicheka bila kutaka, amesimama kwa mguu mmoja ndani ya gauni lake la bluu lililopigwa pasi. Ncha ya soli ilikuwa imelika. Baada ya wiki tatu ililika tena, ya kulia tu, akarudi. Siku nyingine alileta kiatu kizima.

“Hiki nacho kina nini?”

“Kimekuja kukusalimu.”

Walikuwa wameshaanza kuitana “mpenzi” siku daktari alipompa Mwalimu majibu ya vipimo vya miguu. Mwilini kuna kimeng'enya kinachosaidia kugeuza sukari fulani kuwa kitu ambacho misuli inakihitaji. Chake kilikuwa na kasoro, aliyoirithi kwa baba na mama. Miguu ingelegea polepole, na baada ya miaka kumi au kumi na mitano angekuwa kwenye kiti cha magurudumu. Dawa hakuna. Miaka minane alikuwa amechora vimeng'enya ubaoni, na hakuwahi kufikiri kwamba kimoja kingemgeuka.

Hakumwambia fundi. Alianza kupitia mlango wa nyuma wa stesheni. Jioni simu iliita mezani, akaitazama mpaka ikanyamaza, kisha akala peke yake, amesimama, maana siku hizi alichukia viti.

Mara moja tu alipokea.

“Kama ni kwa sababu nashona viatu barabarani, niambie,” fundi alisema. “Nitaumia, lakini nitajua.”

“Si hivyo.”

“Basi ni nini, mpenzi?”

Akakata. Chumba kilikuwa kimya kiasi cha kusikia bomba la jirani likidondosha maji. Upweke aliuweza. Kilichomnyima usingizi ni kwamba yule mtu alidhani anadharauliwa, na wiki ya pili akashindwa kuvumilia, akaenda.

Fundi hakumlaumu. Alivuta mfuko wenye vumbi, akatoa viatu vyeusi, vyepesi. Cha kulia kilikuwa na ukanda wa ngozi wa kuinua vidole.

“Nilivishona kabla hujapotea. Wengi wanamaliza visigino. Wewe unamaliza ncha, tena upande mmoja. Mguu wako hauinuki, Mwalimu. Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe.”

Akamwambia yote, abiria wakiwapita.

“Na siku nitakapokuwa sihitaji viatu?”

Fundi aliweka sindano chini.

“Mimi kutwa niko chini hapa, naongea na magoti ya watu,” alisema. “Miaka kumi na miwili. Na wewe ukikaa, nitakuona uso.”

Mwalimu alitazama kigoda cha wateja. Kisha akakivuta, akakaa.