Nusu Yangu ya Fremu

Kila siku nikitoka shule nilikuwa na mpango mmoja: navua sare, nakunywa chai ikiwa bado inaunguza ulimi, kisha nakimbilia barazani kwa baba. Baba ni fundi baiskeli, na baraza yetu ndiyo karakana yake. Kwa kuwa nilifanya kila kitu mbiombio, nyumbani waliniita Chapuchapu. Nililipenda jina hilo, mpaka alipokuja kuishi kwetu binti wa mama mdogo.

Nilimzidi mwaka mmoja. Mama yake alikuwa amekwenda masomoni, kwa hiyo tulilala chumba kimoja na kula sahani moja. Hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni kwamba naye alianza kuja barazani. Alikuwa mtu wa kufunga kamba za viatu kwa dakika tano, nasi tukambandika jina la Bi Taratibu. Siku hiyo nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Sikujua kwamba kicheko hicho kingenitokea puani.

Jumatatu moja, muuguzi wa zahanati alileta fremu ya baiskeli yake. Ilikuwa ya alumini, na rangi yake ilikuwa imebabuka. Hakutaka ipakwe rangi nyingine. Alitaka ing'arishwe hivyohivyo ilivyo, iwe kama kijiko kipya. Baba aliibandua rangi yote, kisha akatuita.

"Kila mmoja atang'arisha nusu," alisema. "Chapuchapu, mbele. Mwenzako, nyuma. Anzeni na msasa mkali, mfuate wa kati, mmalizie na ule laini wa maji. Mikwaruzo ya msasa mmoja ikiisha yote, ndipo mshike mwingine. Dawa ya kung'arishia ni mwisho kabisa. Muuguzi anakuja Jumamosi. Atakayefanya vizuri zaidi, nitamfundisha kupanga spoku."

Moyo uliniruka. Kupanga spoku kwenye ringi ni kazi ambayo baba hakumwachia mtu yeyote. Nilikuwa nikimwomba anifundishe tangu nikiwa darasa la pili.

Msasa mkali niliumaliza kwa nusu saa. Wa kati niliupitisha juujuu. Ule laini niliuruka, maana nani angejua? Jumatano nikapaka dawa, wakati Bi Taratibu bado alikuwa na msasa wa kwanza mkononi.

"Wewe, utamaliza uzeeni?" nilimuuliza.

"Bado naona mistari, dada," alijibu, akaendelea kusugua.

Alhamisi jioni naye alipaka dawa. Ilitoka nyeusi kama masizi, akaifuta kwa kitambaa, na chini yake alumini ikawaka. Niliinama nikauona uso wangu wote, pamoja na pengo la jino. Nikageukia nusu yangu. Ilikuwa na ukungu na mistari kila upande. Baba alipita, akasimama mbele ya kazi ya mwenzangu, akapiga mluzi. Alipofika kwenye yangu alisema, "Mh."

Hiyo "mh" iliniuma kuliko kofi. Wivu ulinijaa, na usiku ule sikula. Baba alikuwa wangu, baraza ilikuwa yangu, spoku zilikuwa zangu. Huyu alikuwa ametoka wapi?

Ijumaa baada ya shule, mama alimtuma Bi Taratibu dukani. Nilibaki peke yangu barazani. Nikaokota kipande cha msasa mkali, nikakipitisha kwenye nusu yake mara tatu, nne, kwa nguvu. Haikuchukua hata dakika moja.

"Sasa tumelingana," nilijiambia.

Aliporudi, alipitisha kidole kwenye ile mikwaruzo. Kisha akamwita baba.

"Baba mkubwa, nisamehe. Labda kitambaa kilikuwa na mchanga."

Baba aliitazama ile mikwaruzo, akanitazama mimi. "Msasa hautembei wenyewe," alisema, akaingia ndani.

Bi Taratibu alikaa chini, akaanza upya. Baada ya muda aliacha, akasogea upande wangu na kuanza kusugua nusu yangu.

"Unafanya nini?" nilimuuliza.

"Yangu haitawahi kesho. Tutengeneze yako, angalau upate spoku. Najua unavyozitaka." Vidole vyake viwili vilikuwa vimechubuka.

Nilishindwa kuvumilia. "Ni mimi," nilisema. "Ni mimi niliyeikwaruza."

Aliuacha msasa ukaanguka. "Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi."

Aliinuka akaenda zake, na kwa siku mbili hakunisemesha. Nilimfuata baba ndani, nikamweleza yote huku nikilia. Hakunipiga. Alisema tu kwamba kesho yake nitamweleza muuguzi kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nilimweleza. Muuguzi alinisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi. "Basi nitaenda kazini kwa miguu wiki nyingine," alisema. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Wiki iliyofuata nilizirudia nusu zote mbili. Ndipo nilipojua nilichokifanya. Mkwaruzo wenye kina haufutiki kwa dawa. Ni lazima usugue bomba zima la fremu mpaka lote lifikie kina chake, halafu upande msasa kwa msasa. Kazi ya dakika moja ilinichukua siku nne. Kila nilipodhani nimemaliza, Bi Taratibu alikuja, akainama, akasema, "Bado naona mistari." Mwanzoni aliyasema hayo kwa hasira. Kufikia Alhamisi alikuwa akicheka.

Jumamosi muuguzi aliichukua fremu yake, akajitazama humo na kurekebisha kitambaa cha kichwa. Alipoondoka, baba alituketisha.

"Ulitaka mlingane, mwanangu," aliniambia. "Na kweli mlilingana: nusu mbili mbovu, na mteja anatembea kwa miguu. Mwenzako akikuzidi, muulize amefanyaje. Ukimharibia kazi yake, yako inabaki vilevile ilivyokuwa, na juu yake umepoteza rafiki."

Niliinamisha kichwa. "Na spoku, baba?"

"Spoku namfundisha yeye, alizishinda kwa haki. Akishajua, yeye ndiye atakayekufundisha wewe. Akitaka."

Nilimgeukia mwenzangu. Alichukua muda wake, kama kawaida, nami nikasubiri jibu.

"Nitamfundisha," alisema hatimaye. "Lakini asiniharakishe."

Baba alicheka, akashusha ringi tupu kutoka ukutani na kumpa. Mimi nikavuta kigoda, nikakaa pembeni yake kutazama.