Gauni Lililochelewa Kufunguka

Fundi wa magauni ya harusi alikuwa akipiga pasi pindo simu ilipoita. Aliyepiga alikuwa mdogo wake, anayeishi nchi ya mbali. Huko ndiko alikopata mchumba.

"Dada, tovuti yako haifunguki. Mama mkwe ameshavaa miwani, anasubiri kuona magauni yako. Picha ya kwanza imekwama, tumeona kola tu."

"Kola tu? Kwangu inafunguka kufumba na kufumbua."

"Basi huku tumefumba, hatujafumbua."

Fundi akacheka, lakini roho ilimuuma. Alitamani mdogo wake aolewe na gauni alilolishona yeye. Na mama mkwe alikuwa ameanza kutaja maduka ya kwao.

"Labda simu ya shemeji imechoka," akasema mumewe, aliyekuwa naye dukani.

"Ni mpya, mume wangu."

Akamwita jirani yao, Mama Pacha, ambaye kazi yake ni kutengeneza tovuti. Mama Pacha akaja na kompyuta yake. Akasogeza vitambaa, akaketi.

"Jirani, tovuti yako unaijaribia wapi?"

"Hapahapa dukani."

"Ndiyo maana huoni shida. Simu yako imeshahifadhi picha, haizivuti upya. Halafu kompyuta inayotunza tovuti yako iko nchi hii. Mgeni wa mbali anasubiri kila picha isafiri hadi kwake. Tupime kwanza, ndipo tulaumu simu ya mtu."

Akafungua huduma ya kupima tovuti kutoka miji mbalimbali. Katika mji wao, tovuti ilifunguka mara moja. Katika mji wa mdogo wake, ilijikokota. Miji mingine ya mbali nayo ikawa vilevile.

"Umeona? Ingekuwa simu yake, miji hii mingine isingechelewa. Shida ni umbali. Na picha zako nzito zinazidisha."

"Nilitaka kila shanga ionekane."

"Itaonekana. Tunapunguza uzito, hatupunguzi uzuri."

Wakazipunguza picha moja moja. Kisha Mama Pacha akaiunganisha tovuti na huduma inayoweka nakala za picha kwenye kompyuta za nchi nyingi.

"Sasa kila mgeni atapata nakala iliyo karibu naye. Ni kama duka lako lina tawi kila mahali."

"Basi mimi ndiye meneja wa matawi," mume akasema.

Walipima tena kutoka miji ileile. Safari hii tovuti ilifunguka haraka kote. Fundi akampigia mdogo wake.

"Hebu fungua sasa."

"Dada, yametokea yote. Hata shanga naziona. Nataka lile la mikono mirefu. Ngoja, mama mkwe ameninyang'anya simu."

Sauti nyingine ikaingia. "Mwanangu, la bibi harusi tumeshachagua. Lile la zambarau, mwili wangu utaingia?"

"Mama, nitajie vipimo. Nguo ndiyo itakayokufuata wewe."

Magauni hayo mawili hayakutumwa kwa posta. Fundi aliyapeleka mwenyewe. Asubuhi ya harusi alisimama nyuma ya mdogo wake, akamfunga vifungo, kimoja kimoja, bila haraka yoyote.