Aliyepokea Mzigo

Sauti ya kumkaribisha ilitoka ndani kabla hajapiga hodi.

"Karibu."

Chapchap alikuwa bado hajashuka kwenye pikipiki. Geti lilikuwa la kijani, kama alivyoelekezwa, rangi imebabuka. Nyuma ya geti kulikuwa na mlango wa mbao, na mbele ya mlango nyasi zilikuwa zimemea mpaka usawa wa kitasa. Aliziona. Baadaye hilo ndilo lililomnyima raha kuliko yote, kwamba aliziona. Aliona pia utando wa buibui uliotandaa kutoka bawaba hadi dirishani, haujakatika hata uzi mmoja, na moyo ukamwambia hapa haishi mtu. Lakini saa nayo ilikuwa inamwambia lake.

Jina hilo la Chapchap alipewa na wenzake wa kusambaza vifurushi, kwa sababu hakuwahi kuchelewesha mzigo. Lakini mitaa yake ilikuwa ya katikati ya mji, aliijua kama kiganja chake. Siku hiyo mwenzake wa upande wa machimbo ya mawe alikuwa ameanguka na kuvunjika mguu, na msimamizi akamtwika mizigo ya mwenzake juu ya ile ya kwake.

"Tumewaahidi watu kabla ya saa kumi," msimamizi alisema. "Usije ukaniambia njia huijui. Ramani iko kwenye simu."

Ramani iliishia kwenye lami. Kuanzia hapo vilikuwa vichochoro, mitaro, na watu wa kuulizwa, kila mmoja akinyoosha mkono upande wake. Geti la kijani? Panda juu. Mwenye mzigo alipigiwa simu, hakupatikana.

"Wewe ndiye mama mwenye mzigo?" Chapchap aliuliza.

Sauti ikajibu polepole, kama mtu anayeonja neno mdomoni.

"Ndiye mama mwenye mzigo."

Haikuwa sauti ya mwanamke, wala ya mwanamume. Mlango ukafunguka kiasi cha mkono kupita, na utando wa buibui haukutikisika. Ikatoka harufu ya jivu lililomwagiwa maji. Kisha mkono ukatokeza, kiganja juu, na kiganja hicho kilikuwa laini kama sabuni mpya, hakina mstari hata mmoja.

"Haraka mama, nina wengine wananisubiri," alisema, akaweka kifurushi juu ya kiganja kile.

Hakuomba kitambulisho. Sahihi aliichora mwenyewe kwa kidole kwenye kioo cha simu, akabonyeza kwamba mzigo umepokelewa, akaondoka kwa kasi. Mizigo yote iliisha kwa wakati. Ofisini msimamizi alimpigia makofi mbele za watu, naye akacheka.

Kesho yake asubuhi simu iliita.

"Mwanangu, samahani kukusumbua," ilisema sauti ya mwanamke mtu mzima. "Nasubiri kifurushi changu. Ofisini wameniambia nikuulize wewe."

Chapchap alijua papo hapo. Hakuhitaji kuuliza geti lake lina rangi gani.

"Mzigo umepokelewa, mama. Angalia na majirani."

"Majirani nimeshawauliza wote. Ni nguo, mwanangu. Za kijana wangu. Alifia kazini, huko mbali, wakamzika hukohuko. Wenzake ndio wamenitumia nguo zake." Akavuta pumzi. "Niliwaomba wasizifue. Unanielewa? Niliwaomba wasizifue."

"Nitafuatilia, mama," alisema, akakata simu, akabaki ameishika kama kitu kinachounguza.

Alirudi kule juu mchana huohuo. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli, kutoka nje, na kufuli lenyewe limeliwa na kutu. Fundi viatu aliyekaa kivulini upande wa pili wa njia alimtazama kwa muda.

"Unatafuta nani hapo?"

"Nani anaishi humu?"

"Wenyewe walihama wakaacha hata vyombo. Hawakurudi kuvichukua." Fundi akashusha sauti. "Umepiga hodi hapo?"

"Hapana," Chapchap alidanganya.

"Afadhali. Hapo ukiitikiwa, geuza. Na usitoe kitu kwa mkono wako."

Alichungulia kwenye ufa wa dirisha. Sakafuni, katikati ya vumbi ambalo halikuwa na alama ya unyayo, ilikuwepo karatasi ya kile kifurushi, imekunjwa vizuri, na uzi wake umezungushwa kama wa dukani. Nguo hazikuwepo. Alipogeuka aliliona geti jingine la kijani chini ya mteremko, kando ya mtaro, karibu kiasi cha kurusha jiwe. Angeweza kushuka. Hakushuka.

Yule mama alipiga tena, na tena. Chapchap aliacha simu iite mpaka inyamaze. Ikafika siku haikuita kabisa, akamshukuru Mungu, na kabla shukrani haijatoka mdomoni akaionea haya.

Mkewe ndiye aliyemkamata. Alikuwa anaona chakula kinapoa mbele ya mumewe, na kila mlango wa jirani ukibishwa yeye anaruka.

"Kuna nini, mume wangu?"

Alimweleza kwa kunong'ona, ingawa walikuwa wawili tu ndani. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na hukwenda kwa huyo mama hata kumpa pole?"

"Ningemwambia nini?"

"Ungemwambia ulichoniambia mimi."

Basi alikwenda. Ilikuwa alasiri, jua linawaka, watoto wanacheza mpira njiani. Mlango wa nyumba ya kando ya mtaro, ile ya geti jingine la kijani, ulifunguliwa na mwanamke aliyekonda hivi kwamba gauni lilikuwa linamning'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Lakini uso wake uling'aa.

"Wewe ndiye wa kifurushi? Ingia, mwanangu, ingia. Mambo yameisha. Amezileta mwenyewe."

"Nani, mama?"

Akaziba mdomo kwa kiganja, akacheka kama msichana. "Taratibu. Amepumzika."

Chapchap alivua viatu mlangoni, na kitu cha kwanza kumpokea ndani kilikuwa ile harufu, jivu na maji, nzito kiasi kwamba aliihisi ulimini, na alipofuata mgongo wa yule mama kwenye ukumbi mwembamba alisikia sauti za watoto huko nje zikififia moja moja kana kwamba kuna mtu anazima taa, mpaka wakafika kwenye chumba chenye pazia lililoshushwa, na humo, kwenye kigoda, kikiwa kimeuelekea ukuta, kilikaa kitu kilichovaa nguo zote za marehemu kwa pamoja, shati juu ya shati, koti juu ya mashati, vifungo vimefungwa mgongoni, na pembeni yake sahani za chakula zilizojaa, hazijaguswa, chakula kimegeuka rangi.

"Mwanangu, una mgeni," mama alisema kwa upole.

"Haraka mama," kikajibu. "Nina wengine wananisubiri."

Sauti ilikuwa ya Chapchap mwenyewe.

"Tangu arudi ana haraka hivyohivyo," mama alinong'ona, anafuta chozi la furaha. "Kila nikitaka kumshika, ana wengine wanamsubiri. Lakini haondoki. Usiku kucha nakaa naye hapa. Haondoki."

Chapchap alikimbia. Alitoka peku, viatu akaviacha mlangoni.

Kesho yake mkewe alimpeleka kwa shangazi wa upande wake. Shangazi alikuwa fundi cherehani, na watu walimwendea pia kwa mambo yasiyoshonwa. Alisimamisha cherehani, akasikiliza, akauma uzi kwa meno.

"Huyo hakuvamia," alisema. "Amekabidhiwa. Siwezi kumfukuza kwenye kitu alichopewa mkononi."

"Sasa tufanyeje, shangazi?" mkewe aliuliza.

"Aliyetoa ndiye wa kudai. Mbele ya mwenye mali, kwa maneno ya kweli."

"Mbele ya yule mama?" Chapchap aliuliza. "Atajua ni mimi. Atajua mwanawe hakurudi."

"Ndiyo. Atajua."

"Hakuna dawa nyingine? Kisomo? Ubani?"

"Nitasoma na nitafukiza. Lakini yule mama anamlisha. Chakula hagusi, anayemla ni mama. Wewe endelea kujificha, mtakwenda kumzika, na hapo utaniuliza tena kama kuna dawa nyingine."

Chapchap na shangazi walikwenda siku hiyohiyo, mvua inanyesha. Mama aliwapokea kwa shida, ameshika ukuta. Shangazi akawasha ubani kwenye chetezo, akaanza kusoma chini chini, na kile kitu kigodani kikaanza kutetemeka kama sufuria inayotaka kuchemka.

"Mnamfanya nini mwanangu?" mama alilia.

"Sema," shangazi alimwambia Chapchap.

Akapiga magoti. "Nirudishie mzigo," alisema. "Haukuwa wako. Niliona nyasi mlangoni. Niliona utando wa buibui. Nilijua haishi mtu, nikakupa, kwa sababu nilikuwa nawahi."

"Wewe ndiye mama mwenye mzigo?" kikauliza, kwa sauti yake.

"Mzigo ni wa huyu mama. Nirudishie."

"Mzigo umepokelewa, mama," kikasema. "Angalia na majirani."

Na hapo yule mama akauachia ukuta. Alikitazama kile kitu, akamtazama Chapchap, akakitazama tena, na Chapchap akaona mwanga ukimtoka usoni polepole, na akatamani angekuwa yeye aliyekufa mbali, kwa sababu maneno yale mama alikuwa ameyasikia kwenye simu, asubuhi ile, alipokuwa amesimama hapohapo anasubiri nguo za mwanawe, na sasa alikuwa ameijua sauti.

"Ni wewe," alisema. "Hii ni sauti yako wewe."

"Ni mimi, mama."

"Na huyu?"

Chapchap alitikisa kichwa.

Mama alijikokota mpaka kwenye kigoda. Shangazi alitaka kumzuia, kisha akaacha. Mama akainama nyuma ya mgongo ule wenye vifungo, karibu kabisa, kama anayemwamsha mtoto.

"Vua," alisema. "Vua nguo za mwanangu."

Kile kitu kikalia kwa sauti ya Chapchap, mlio mrefu, nao Chapchap akahisi koo lake mwenyewe linachanika, na vifungo vikaanza kufunguka bila kidole, koti likaanguka, shati likaanguka, na chini yake shati jingine, na chini ya lile jingine, na kila moja lilipoanguka kigodani kulibaki kitu chembamba zaidi, mpaka fulana ya mwisho ikakunjamana yenyewe juu ya kigoda na ndani yake hamkuwa na kitu. Upepo ukapita ukumbini, mlango wa nje ukabamizwa. Sauti za mvua na za watu zikarudi zote kwa mara moja.

Mama aliokota shati la bluu. Akazamisha uso humo, akavuta pumzi, akautoa, akavuta tena. Akaokota fulana. Akaokota koti, akatafuta kwapani, kolani, mfukoni.

"Jivu," alisema. "Ni jivu tupu."

"Mama," Chapchap alisema, "nisamehe."

"Usiniombe msamaha leo. Leo nina kazi."

Alichukua beseni kubwa na kipande cha sabuni, akakaa kibarazani, akaloweka nguo zote. Chapchap alinyoosha mkono amsaidie, akausukuma. Alifua kwa nguvu zisizojulikana zilikotoka, akabadilisha maji yaliyogeuka meusi, akafua tena. Shangazi alikwishafungasha chetezo chake akaondoka. Chapchap alibaki amesimama peku, hajui aende au abaki.

Mwishowe mama alilitoa koti majini. Lilikuwa zito, limemshinda. Akamsogezea pindo moja bila kumtazama.

"Shika huko. Kamua."

Alishika. Wakasokota, huyu upande huu na yule upande ule, maji yakachuruzika sakafuni.

"Nguvu, wewe."

Alisokota mpaka viganja vikamwaka. Hapo ndipo yule mama alipoanza kulia, kilio cha sauti, cha msiba, ambacho hakuwa amekilia tangu apate habari, na majirani wakatoka milangoni kutazama. Hakuliachia koti. Chapchap naye hakuliachia.