Tangi Lisilopungua

Watu walisongamana chini ya mabati ya soko la Kamenge wakikwepa mvua, na shafti ya chuma aliyobeba Obeid begani ikanasa mtandio wa kijani wa Radhia. Obeid aligeuka kuomba radhi. Mtandio ukazidi kuvutika.

“We simama tu,” alisema Radhia. “Ukiomba pardon tena, nitabaki kichwa wazi.”

Obeid alikuwa fundi wa kukereza vyuma katika karakana moja ya mtaa wa Buyenzi. Radhia aliuza mafuta ya mashine katika duka la baba yake, mzee Sulemani, si mbali na karakana hiyo. Tangu siku ile Obeid akanunua kwake mafuta ya kukatia chuma, yale yanayochanganywa na maji yakawa meupe kama maziwa, na kila jioni akampigia simu. Alimwita sheri, yaani mpenzi. Alimsifia hata mafuta: alifanya kazi kutwa, na tangi la mashine halikupungua. Wakakubaliana wazee wa Obeid waende kuposa baada ya Ramadhani.

Kisha maziwa yale yakaanza kunuka kama yai bovu, na mikono ya Obeid ikatoka vipele. Kwa hasira aliwaambia mafundi wenzake kwamba Radhia anauza mafuta machafu. Maneno yakaenea, wateja wakahama, na mzee Sulemani akasema kijana aliyemchafulia binti yake jina hataposa kwake.

Radhia hakupokea simu za Obeid. Alifika karakanani mwenyewe, abaya nyeusi na viatu vya mvua, akachota gilasi moja kutoka kwenye tangi, akaiweka mezani, akaketi. Mafundi wakaacha kazi. Polepole tabaka la rangi ya chai likapanda juu ya gilasi.

“Mafuta yangu yanaingia mu maji,” alisema. “Haya yanaelea. Ni ya haidroliki, yale yanasukuma mashine yako. Tangi haipunguki sababu kuna mupira unavuja ndani.”

Obeid alipapasa chini ya mashine. Mpira wa kupitishia mafuta ya haidroliki ulikuwa umepasuka. Mafuta yake yalikuwa yamefunika maziwa ya tangini, na maziwa hayo yakakosa hewa na kuoza.

“Mupenzi, nisamehe.”

“Ulisema mbele ya watu. Sema mbele yao.”

Obeid akazunguka karakana zote za Buyenzi akieleza kosa lake, na akamalizia dukani, wateja wakisikia. Mzee Sulemani aliendelea kupima mafuta bila kumtazama.

Kesho yake Obeid alifunga mpira mpya, akaanza kumwaga uchafu wa tangi kwa ndoo kwenye pipa, usiende mtaroni. Radhia alikuja akashika faneli.

“Wazee wangu wanauliza waje lini,” Obeid alisema, macho chini.

“Papa amesema Ijumaa.”

“Mi hakuniambia kitu.”

“Aliniambia mi. We atakusemesha ukishakuwa mukwe wake. Inamisha ndoo vizuri.”