Chini ya Hali ya Hewa

Kengele ililia saa kumi na mbili na nusu, kama kila siku. Msichana akaamka, akatandika kitanda, akapanga foleni ya bafuni na taulo begani, akarudi kuvaa. Kisha akashuka ngazi za ghorofa tatu hadi bwaloni, akanywa chai kwa mkate, akaenda darasani. Alikuwa na miaka kumi na minne. Alikuwa amepata nafasi katika shule ya bweni ya nchi ya mbali, yenye wanafunzi kutoka kila pembe ya dunia, na lugha yao wote ilikuwa Kiingereza. Hiyo ilikuwa wiki yake ya saba.

Nyumbani hakuna aliyemshinda kwa Kiingereza. Lakini Kiingereza cha hapa hakikuwa kile cha vitabuni. Mtihani rahisi uliitwa kipande cha keki. Mtu akitoboa siri, walisema amemwaga maharage. Neno mojamoja alilijua. Maneno yakikaa pamoja yalimponyoka. Siku za mwanzo aliuliza, wenzake wakaangua kicheko. Tangu hapo kila alichoambiwa aliitikia "ndiyo", mpaka wakambandika jina la Bi Ndiyo.

Jina hilo halikumuudhi. Hakuna kilichomuudhi wala kumfurahisha. Hakulia chini ya shuka kama wageni wengine. Alikula kwa sababu ni saa ya kula, akalala kwa sababu taa zimezimwa. Moyo ulikuwa umekufa ganzi.

Chumbani alikaa na msichana wa nchi nyingine, aliyekulia katika Kiingereza. Huyo alipenda maongezi mno, naye Bi Ndiyo kimoyomoyo akamwita Chiriku.

Jumanne moja, Chiriku hakutoka kitandani.

"Leo niko chini ya hali ya hewa," alisema, blanketi hadi kidevuni. "Naomba uniwekee jicho."

Bi Ndiyo alitazama nje. Jua lilikuwa linawaka. Labda anasikia baridi, aliwaza, akafunga dirisha. Habari ya jicho akaiacha ipite.

"Ndiyo," akasema, akachukua begi lake. Darasani mwalimu alimuuliza habari za mwenzake kwa maneno asiyoyaelewa, naye akajibu vilevile.

Jumatano asubuhi, Chiriku alikuwa ameelekea ukutani. Bakuli la supu aliloletewa na mwanafunzi wa chumba cha pili lilikuwa sakafuni, halijaguswa.

"Bado sijatoka msituni," alinong'ona.

Msitu gani tena? Bi Ndiyo aliona midomo iliyokauka. Alisikia pumzi fupifupi, kama za mtu aliyepanda kilima. Aliona na kusikia, lakini ndani hakukushtuka kitu. Akavaa viatu.

Mlangoni alikutana na matroni wa bweni, mkononi ameshika fungu la funguo.

"Mwenzako yuko juu na anazunguka?" matroni aliuliza kwa Kiingereza.

Juu? Ghorofa ya tatu ni juu. Kuhusu kuzunguka, hakujua.

"Ndiyo," akajibu.

"Vizuri." Matroni akaenda zake.

Aliporudi saa tisa alasiri, mlango haukufunguka vizuri. Kitu kilikuwa kimeuzuia kwa ndani. Alipenyeza kichwa, akamwona Chiriku sakafuni, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea kitasa. Macho yalikuwa wazi ila hayakumtambua. Mwili ulichoma kama pasi.

Kiingereza chote kilimruka. Aliteremka mbio hadi jikoni, kwa mpishi wa bwalo, mtu pekee pale shuleni aliyejua Kiswahili. Wiki zote saba alikuwa akimpa shikamoo na kumpita upesi.

"Mjomba! Mwenzangu anakufa!"

Mpishi aliacha kisu kwenye viazi, akampigia simu nesi wa shule, akapanda ngazi mbilimbili na aproni yake. Baada ya dakika kumi, gari la wagonjwa lilikuwa limefika.

Hospitalini waliambiwa ni nimonia. Nesi wa shule alimgeukia matroni kwenye korido. "Binti ana homa siku mbili! Bweni lako halina mtu wa kukagua?"

Bi Ndiyo alikuwa kwenye benchi, karibu nao. Hakuna aliyemtazama. Angeweza kunyamaza, na mambo yangepita.

Akasimama. "Matroni aliuliza," alisema kwa Kiingereza cha kudokoadokoa. "Mimi nilisema ndiyo. Sikuelewa swali. Na jana mwalimu aliuliza, nikasema ndiyo."

Matroni alimgeukia. "Nilikuuliza kama ameamka na anatembea," alisema. "Lakini hata mimi nilipaswa kufungua mlango nione mwenyewe."

Chiriku alilala siku mbili akipumulia mpira wa oksijeni. Jumamosi homa ikashuka, na daktari akasema ametoka hatarini. Bi Ndiyo alimtembelea, akaomba aelezwe ule msitu ulikuwa upi. Chiriku alimweleza kuwa kutotoka msituni ni kuwa bado hatarini, chini ya hali ya hewa ni kuugua, na kumwekea mtu jicho ni kumwangalia; kisha akacheka mpaka akakohoa, na nesi akamtoa mgeni nje.

Alipotoka huko alikwenda jikoni. Mpishi alimpa kisu na beseni la viazi.

"Mwaka wangu wa kwanza hapa," alisema, "mkuu wa jiko aliniambia nishike farasi wangu. Nilizunguka uani nusu saa nzima namtafuta huyo farasi. Kumbe ananiambia nisiwe na haraka! Supu ikaungua."

"Wakakucheka?"

"Mpaka leo. Lakini, mpwa wangu, na sisi je? Hatuli kiapo? Kinaliwa kwa kijiko au kwa mkono? Mgeni atajuaje asipouliza?" Alitupa ganda ndooni, uso ukawa mzito. "Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe ulificha kutoelewa kwako, na kifo nusura kimuumbue mwenzako. Kicheko hakiui mtu. 'Ndiyo' ya uongo inaweza kuua. Usipoelewa, sema hujaelewa. Sema mara kumi."

Bi Ndiyo alimenya viazi vyote vya beseni.

Jumapili mama yake alipiga simu.

"Mwanangu, hujambo? Unaendeleaje huko?"

Alishika simu kwa mikono miwili. Jibu la kila Jumapili lilikuwa tayari mdomoni.

"Sijambo, mama, lakini siendelei vizuri," alisema. "Kuna mengi siyaelewi. Na nimefanya kosa kubwa."

Upande wa pili akasikia kiti kikiburutwa sakafuni.

"Haya, mwanangu," sauti ya mama ilisema. "Nimekaa. Anza mwanzo."