Ndoo Mbili za Mzee Tinga

Je, umewahi kuchungulia ndani ya tangi la maji asubuhi na mapema, ukaona mbingu imelala humo chini, na mawingu yanapita polepole kama yasiyo na safari? Kama hujawahi, usipande tangi la watu kwa sababu ya maneno yangu. Mjukuu wangu Dama alipanda, na hayo ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Sisi tunakaa Magogoni, huku Kisauni. Kila siku kabla ya shule, Dama huchukua mtungi wake wa manjano akaenda kuteka maji kwenye mfereji wa Mzee Tinga. Mzee mwenyewe hayupo tena, Mungu amlaze pema, lakini mfereji tunauita hivyo hivyo hadi leo.

Mzee Tinga Mwarandu alifika hapa akiwa kijana, akisukuma mkokoteni wa madafu. Kutoka madafu akaingia katika makuti na boriti, na kutoka boriti akafungua duka: misumari, saruji, kamba, tambi za stovu, na pipa la mafuta ya taa lenye pampu ya mkono. Duka liliposimama vizuri akachimba kisima nyuma yake, akajenga tangi la simiti, na mfereji akautoa nje ya ua ili jirani asihitaji kupiga hodi. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba mwenye sare ya shule anatangulia. Ungekuwa mtu mzima mwenye haraka zako, ungesimama kando mpaka watoto waishe.

Alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya shule. Madarasa mapya aliyajenga kwa matofali mawili mawili. Alipita nyumba kwa nyumba akisema hataki mengi, anataka mawili tu, na asiyekuwa nayo alimwambia aje kuchanganya udongo. Ya kwangu nayajua yalipo, ni chini ya dirisha la tatu. Kila nikipita huyatazama.

Asubuhi, kabla ya kufungua mfereji, Mzee Tinga alikuwa akigonga tangi kwa kifundo cha kidole, kisha anainamisha kichwa na kusikiliza. Kwa mlio ule alijua maji yamefika wapi. Dama alipenda sana mlio huo. Aliniambia kwamba ni kama kuna mtu ndani anayeitikia.

Dama ni mtoto wa kuota macho wazi. Ukimtuma chumvi, utamkuta njiani anatazama siafu wanavyovuka. Simlaumu, kwa sababu na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Lakini Jumamosi moja ya mwezi wa Machi, mwaka jana, nilimtuma mafuta ya taa. Mzee Tinga alimpimia mwenyewe, akamjazia chupa, akaiziba kwa gunzi la hindi. Dama alimwambia shikamoo na ahsante, akatoka. Alipozunguka nyuma ya duka akakuta ngazi imeegemezwa kwenye tangi na mfuniko umesogezwa. Jana yake mzee alikuwa ameliosha, na sasa lilikuwa linajaa.

Hapakuwa na mtu. Dama akapanda, chupa mkononi.

Baadaye alinieleza alichokiona. Alisema mbingu ilikuwa mle ndani yote, na kipande cha wingu, na uso wake mwenyewe ukitikisika pembeni. Akainama zaidi. Gunzi likachomoka, na mafuta yakamwagika karibu yote kabla hajaisimamisha chupa. Halafu juu ya maji zikatanda rangi, zambarau na kijani na dhahabu, zikizunguka taratibu. Anasema hajawahi kuona kitu kizuri kama hicho, na hajawahi kuogopa kama siku hiyo.

Alishuka akakimbia. Kwangu alifika na chupa karibu tupu, akasema amejikwaa njiani. Nikamketisha, nikatafuta jeraha gotini nisilione. Nilipaswa kuuliza. Nilikuwa na dagaa jikoni, nikaliacha jambo lipite.

Kesho yake maji ya Mzee Tinga yalinuka mafuta. Chai ilinuka, ugali ulinuka, hata nguo zilizofuliwa zilinuka. Mzee akafunga mfereji, na kwa siku nne tukawa tunavuka barabara ya Malindi na mitungi yetu kutafuta maji kwa watu. Yeye alikuwa ndani ya tangi, amekunja suruali, anasugua kwa brashi.

Siku ya tano alituita mbele ya duka. Tulidhani atasema fulani ndiye mbaya wake. Hakusema hivyo. Alitoa ndoo mbili, zote za bluu, akaziweka chini. Akasema, "Majirani zangu, hii ni ya kuchotea mafuta, na hii ni ya kuoshea tangi. Nimefikiri siku nne na sijapata jibu jingine. Nadhani nilichanganya. Mikono yangu imezeeka. Nisameheni."

Watu wakamwambia yameisha, mzee, hayo ni maji tu. Lakini yeye hayakumwishia. Jioni hiyo alimkabidhi funguo za duka mkewe, Bi Nyamvula. Mwezi haukuisha, akajiuzulu kwenye kamati ya shule. Alisema mtu asiyezijua ndoo zake atawezaje kujua haja za watoto wa wenzake. Wakamsihi, akakataa. Tangu hapo akawa anakaa kwenye kiti mlangoni, mikono magotini, akiitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine. Tangi hakuligonga tena.

Dama alikuwapo siku ya zile ndoo. Alisimama mstari wa mbele, na sare yake, na mtungi wake. Hakusema neno. Alifikiri atasema kesho, na kesho akafikiri atasema Jumapili. Mwezi wa Septemba Mzee Tinga akalala, hakuamka.

Mwaka ukapita. Nilimwona mjukuu wangu akibadilika nisijue kwa nini. Kwenye mfereji hakutaka kutangulia hata akiwa na sare. Mwalimu wake, Bi Roseline, alinijulisha kwamba Dama anatazama sana dirishani, na akiulizwa anaona nini, anajibu, "Maji."

Septemba mwaka huu familia ikaandaa ukumbusho wa mwaka mmoja, na shule ikaombwa itoe mwanafunzi mmoja wa kusoma habari za maisha ya marehemu. Bi Roseline akamchagua Dama kwa sababu anasoma vizuri. Waliandika karatasi pamoja: mkokoteni wa madafu, matofali mawili mawili, sharti la sare. Yote ya kweli. Dama akaisoma kwangu mara tatu, na kila mara sauti ikazama palepale, penye habari za mfereji.

Rafiki yake Phoebe, ambaye wazazi wake walitoka bara kuja kufanya kazi Port Reitz kabla ya kuhamia kwetu, ndiye mtu pekee aliyeambiwa siri hiyo. Phoebe ni mtoto wa moja kwa moja. Alimwambia, "Wewe soma hiyo karatasi, ukae chini. Mzee alishaenda. Nani atajua?"

Dama akamjibu, "Mimi najua. Na Bi Nyamvula anafikiri mumewe alikufa amechanganyikiwa."

Phoebe akakubali kukaa karibu naye siku hiyo.

Basi ikafika Jumamosi yenyewe. Alasiri ilikuwa tulivu, upepo mdogo unainua pembe za turubai na kuziacha. Katekista aliomba, kwaya ikaimba, pilau ikanukia kutoka nyuma ya nyumba. Kisha akaingia Charo.

Niwaeleze kidogo. Kwetu, ukumbusho wa mtu mzima haukamiliki bila mtani, yaani mtu wa ukoo uliotaniana na ukoo wa marehemu tangu zamani. Huvaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akayataja makosa yake mbele ya watu wote, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Tukicheka hivyo ndipo tunapoona kwamba mtu wetu bado yuko nasi kidogo. Charo ni fundi wa baiskeli, na ndiye mtani wa Mzee Tinga.

Alivaa koti la kahawia la mzee na kofia yake. Alitembea na mikono nyuma, akamgonga katekista kichwani kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasema, "Hili limebaki nusu." Tukacheka mpaka machozi. Phoebe alimshika Dama mkono, akanong'ona kwamba kwao mtu akifanya hivyo msibani atapigwa.

Kisha Charo akaleta ndoo mbili. Akanusa moja, akanusa nyingine. Akarudia. Akapepesuka, akamfuata Bi Nyamvula, akapiga magoti, akamwita kwa jina la mtoto wao kama mzee alivyozoea. "Mama Mwanatatu, nisaidie. Ipi ya maji, ipi ya mafuta? Na mimi mwenyewe, eti, mimi ni nani?"

Watu walicheka tena. Bi Nyamvula alitabasamu kama mila inavyotaka, lakini mimi nilikuwa mkekani karibu naye, nikaona anavyoikunja pembe ya leso yake, anaikunja na kuikunjua.

Wakati huohuo wakamwita Dama asome.

Alisimama. Alisoma kuhusu madafu, akasoma kuhusu matofali. Alipofika kwenye mfereji akanyamaza. Tulidhani machozi yamemzuia, na mwenyekiti wa shughuli akamwambia pole mwanangu, soma tu. Dama akaishusha karatasi.

"Haya mengine hayakuandikwa," akasema. "Mzee Tinga hakuchanganya ndoo. Mimi nilipanda kwenye tangi nikiwa na chupa ya mafuta. Nilitaka kuona mbingu. Mafuta yakamwagika nikakimbia. Siku alipoomba msamaha nilikuwa pale mbele yake, nikanyamaza."

Mimi bibi yake nilikumbuka goti lile lisilo na jeraha. Phoebe alikuwa amesimama pia, sijui saa ngapi, ameshika ncha ya sketi ya Dama. Charo akavua kofia.

"Dama," akaita Bi Nyamvula.

"Abee."

"Njoo hapa."

Akaenda, akiburura miguu. Watu wengine walidhani atapigwa kofi. Bi Nyamvula akamkalisha kando yake, akasema naye kwa sauti ambayo sote tulisikia. Alimwambia kwamba mafuta yale yangeisha kwa siku nne na brashi moja, kwa sababu Tinga hakuwa mtu wa kumwadhibu mtoto aliyekuja kwa miguu yake mwenyewe kukiri. "Lakini ulinyamaza," akasema. "Na kosa lisilosemwa halikai kwa mwenyewe. Linatoka, linatafuta nyumba ya kuingia, na liliingia yangu. Likamvua mume wangu kazi aliyoipenda. Umenielewa?"

"Nimeelewa, bibi."

"Siku nyingine ukikosa, sema siku hiyohiyo, hata kama sauti inatetemeka. Leo imetetemeka na tumekusikia. Nimekusamehe. Jumamosi ijayo njoo na brashi, tutaosha tangi pamoja, na ngazi nitakushikia mimi."

Dama akalia sasa, kilio cha mtoto, kile cha kulala mapajani mwa mtu. Bi Nyamvula akamwacha alie. Kisha akatueleza jambo ambalo hakuwahi kulisema. Jioni ile ya ndoo, Tinga alipompa funguo, alimuuliza kama yeye mkewe anaamini kwamba ni kweli amesahau. Miaka arobaini Bi Nyamvula alikuwa amemwona mumewe akipima misumari, akipima mbao, akipima maji kwa sikio tu, na hakukosea. Moyo wake ulikataa kuamini. Lakini hakuwa na la kumwonyesha, na siku hiyo alikuwa amechoka, basi akapokea funguo, akasema, "Sote tunazeeka." Hakuwahi kuyabadilisha maneno hayo.

Charo bado alikuwa amesimama mbele yetu na lile koti la kahawia, kofia mkononi. Bila kuambiwa na mtu, akaivaa. Akaweka mikono nyuma, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza. Hakuna aliyecheka.

Bi Nyamvula akainuka, akamkaribia, akalinyoosha koti mabegani kama anavyofanya mke kabla mumewe hajatoka kwenda dukani.

"Tinga," akasema, "ndoo zako ulizijua."